John Hunter na Maradhi Mawili Katika Mwili Mmoja

Katika historia ya utabibu wa Kizungu ni wachache waliosifiwa kama John Hunter, mpasuaji wa London aliyefariki dunia mwaka wa 1793. Wapasuaji wengi humwita baba wa fani yao, kwa sababu yeye ndiye aliyewafunza wenzake kwamba kisu kisitangulie akili, na kwamba neno lililoandikwa kitabuni lisikubaliwe kabla ya kujaribiwa. Lakini bwana huyo huyo aliacha nyuma yake kosa moja lililowapotosha matabibu kwa zaidi ya miaka 50, na kosa lenyewe lilitokana na usaha wa mgonjwa mmoja tu. Leo nakusudia kuwasimulia wasomaji wangu maisha yake, na hasa habari za kosa hilo, kwa kuwa funzo lake bado twalihitaji.

Naomba radhi mapema. Maradhi nitakayoyataja ni kisonono na kaswende, nayo ni mambo ambayo sisi watu wa Pwani hatuyasemi mbele ya wakwe wala mbele ya watoto. Staha ni jambo jema, na mimi ni katika wale walioleleka nayo. Hata hivyo, walimu wetu vyuoni walikuwa wakitusomesha habari za twahara, za hedhi na za josho la janaba kwa maneno ya wazi, kwa sababu jambo la elimu lina njia yake ya kusemwa, na haya haimzuii mtu kujua yanayouhusu mwili wake. Kwa njia hiyo hiyo nami nitasema.

Hunter alizaliwa mwezi wa Februari mwaka wa 1728 katika shamba la Long Calderwood, karibu na East Kilbride huko Scotland. Alikuwa kitinda mimba katika watoto 10. Baba yake alikwisha kuwa mtu mzima sana alipomzaa, na alifariki kijana akiwa na miaka 13. Masomo ya shule hayakumvutia hata kidogo. Alipenda kuzunguka mashambani akitazama ndege, wadudu na majani, na kuwasumbua wakubwa kwa maswali ambayo hawakuwa na majibu yake. Mtoto wa namna hiyo kwetu angeambiwa kuwa ni mtundu, na huenda angetandikwa. Yeye utundu wake ndio uliomfikisha alikofika.

Mwaka wa 1748, akiwa na umri wa miaka 20, alisafiri kwenda London kumfuata ndugu yake, William Hunter, aliyemzidi miaka 10. William alikuwa tabibu hodari wa uzazi, na alikuwa na darasa lake la kuwafundisha wanafunzi umbo la mwili wa binadamu kwa kupasua maiti. Kazi aliyopewa John ilikuwa ni kuzitayarisha maiti hizo. Zilipatikana wapi? Siku zile sheria haikuwapa walimu wa utabibu njia ya kutosha ya kuzipata, basi nyingi zilinunuliwa usiku kutoka kwa watu waliofukua makaburi. Ni habari ya kuchukiza, na sisi tuliofunzwa kuiheshimu maiti kama tunavyomheshimu aliye hai hatuwezi kuisoma bila ya kukunja uso. Nimeitaja kwa sababu mtu hasimuliwi nusu.

Kijana yule alikuwa na mikono mizuri na macho makali zaidi. Kwa zaidi ya miaka 10 alipasua, akatazama na akaandika. Alipata pia kujifunza upasuaji wa walio hai chini ya mabingwa wawili wa zama zile, William Cheselden na Percivall Pott. Mwaka wa 1760 aliingia jeshini akiwa tabibu. Mwaka uliofuata alikuwa pamoja na majeshi ya Waingereza yaliyoshambulia kisiwa cha Belle Île, pwani ya Ufaransa, na baada ya hapo akapelekwa Ureno.

Huko vitani ndiko tabia yake ilikoonekana. Desturi ya matabibu wa jeshi ilikuwa ni kulipanua jeraha la risasi kwa kisu na kuchokora ndani. Hunter aliwaona wanajeshi wa Kifaransa waliopigwa risasi wakajificha siku kadhaa bila ya kutibiwa na mtu, na majeraha yao yakawa hali nzuri kuliko ya wale waliochokorwa. Akaamua kwamba mara nyingi ni bora jeraha liachwe. Mwingine angeona vile vile na asiseme neno, maana vitabu vilisema vingine. Yeye alilisema, na baadaye akaliandika.

Aliporudi London mwaka wa 1763 hakuwa na mali. Alifanya kazi na mtengenezaji wa meno, na mwaka wa 1771 akatoa kitabu juu ya meno ya binadamu kilichosomwa sana. Mwaka wa 1767 alichaguliwa kuingia katika Royal Society, jumuiya kubwa ya wataalamu wa Uingereza, na mwaka wa 1768 akawa mpasuaji wa hospitali ya St George's. Mwaka wa 1771 alimuoa Anne Home, bibi aliyekuwa mshairi. Mimi niliye mtu wa mashairi sikuweza kulipita jambo hili: tungo za bibi huyu zilitiwa muziki na Joseph Haydn, mmoja wa watungaji wakubwa wa muziki wa Ulaya. Na katika wanafunzi walioishi nyumbani mwa Hunter alikuwamo Edward Jenner, ambaye mwaka wa 1796 alionyesha namna ya kuwakinga watu na ndui kwa chanjo. Mwalimu wake alikuwa akimhimiza siku zote aache kukisia, ajaribu aone.

Sasa tuje kwenye lile kosa. Ili tulifahamu, yatupasa tujue matabibu wa wakati ule walikuwa wakiamini nini.

Kaswende iliwashtua watu wa Ulaya mwaka wa 1495, ilipozuka miongoni mwa wanajeshi wa mfalme wa Ufaransa waliokuwa wameuteka mji wa Naples, Italia. Hakuna taifa lililotaka kuhusishwa nayo. Wataliana waliiita maradhi ya Wafaransa, Wafaransa wakaiita maradhi ya Naples, na Waturuki wakaiita frengi, yaani maradhi ya Mafiranji. Hapa kwetu nako kulikuwa na waliodhani kwamba mtu apatwaye na maradhi ya namna hii ametegewa tego, uganga aliowekewa mke wa mtu ili umdhuru mwanamume mwingine amkaribiaye. Kila mahali watu walitafuta wa kumlaumu kabla ya kutafuta dawa.

Kisonono nacho ni maradhi ya zamani zaidi, nacho hujitokeza kwa njia nyingine. Mwanamume huungua akipitisha mkojo na hutokwa na usaha, na hayo huanza siku chache tu baada ya kuambukizwa. Kaswende huanza na kidonda kigumu, mara nyingi kisichouma, ambacho huonekana kwa kawaida baada ya wiki tatu hivi, na huweza kuchelewa hata miezi mitatu. Kidonda hupona chenyewe, mgonjwa akadhani ameokoka. Kumbe maradhi yameingia ndani, na baadaye hutoka madoa mwilini, na baada ya miaka mingi huweza kushambulia moyo, mishipa na ubongo.

Lugha yetu ina majina mawili mbali mbali, kisonono na kaswende, na msomaji aweza kushangaa vipi mtu aliyesoma ayachanganye. Lakini matabibu wa Ulaya katika karne ile waliwaona wagonjwa wengi wakiwa na yote mawili kwa pamoja, na wakajua kwamba yote hupatikana kwa njia moja. Wengi wakasema basi hii ni sumu moja yenye sura mbili. Wachache wakasema ni mbili. Mabishano yakaendelea pasi na dalili ya kukata shauri, maana hakuna aliyekuwa amekiona kijidudu kwa macho yake.

Hunter, kama ilivyokuwa tabia yake, aliamua kujaribu. Mwaka wa 1767, siku ya Ijumaa, usaha ulitolewa kwa mgonjwa wa kisonono, ukatiwa katika ncha ya kisu kidogo, na kwa kisu hicho ngozi ya tupu ya mwanamume mmoja ikachomwa mahali pawili. Mtu huyo alikuwa nani? Kitabu cha Hunter hakikumtaja. Kwa muda mrefu ilisimuliwa kwamba alikuwa ni Hunter mwenyewe, aliyejitia maradhi kwa mkono wake ili apate kujua. Wanahistoria wengine wamelikataa hilo, wakisema huenda alikuwa mtu mwingine. Awe nani awe, mwili ulikuwa wa mtu hai, na jambo kama hilo leo lisingeruhusiwa.

Jumapili yake mahali pale palianza kuwasha. Baada ya siku pakafanya kidonda. Kisha ukaja mtoki kwenye kinena, baadaye kidonda cha kooni, na baada ya hapo madoa ya rangi ya shaba ngozini. Kila dalili ilikuwa ya kaswende. Hunter alitumia zebaki kuyatibu, akiyapunguza na kuyaacha yarejee apate kuyachunguza, na jambo lote lilichukua muda wa miaka mitatu.

Hukumu yake ilikuwa nyepesi kuifuata. Usaha ulitoka kwa mwenye kisonono, na uliyemwingia amepata kaswende, basi kisonono na kaswende ni kitu kimoja. Ikiwa sumu imeangukia utando laini wa ndani, alisema, hutoa usaha, na ikiwa imeangukia ngozi hufanya kidonda. Mwaka wa 1786 aliyaandika haya katika kitabu chake kikubwa juu ya maradhi ya zinaa, na kwa kuwa mwenye kusema alikuwa John Hunter, watu wengi wakayapokea.

Kosa liko wapi? Liko katika yule mgonjwa wa kwanza. Kwa elimu tuliyo nayo leo, maelezo yaliyo karibu zaidi ni kwamba mtu yule alikuwa na maradhi mawili. Kisonono kilionekana, kaswende ikajificha nyuma yake, na usaha uliotoka kwake ulibeba vyote viwili. Tena vijidudu vya kisonono havishiki katika ngozi ya nje, hali vya kaswende hupenya kwa urahisi palipo na mkwaruzo. Kwa hiyo kisu kile kilipochoma ngozi, kimoja kilikufa na cha pili kikaota. Hunter aliyajaribu yote isipokuwa jambo moja: hakuuliza kama aliyempa usaha alikuwa na ugonjwa mwingine.

Waliosoma chuoni watakumbuka kwamba mwalimu akimnasa mtoto katika kosa moja la kusoma, hatosheki kulisahihisha akampitisha. Humrudisha mwanzo wa ukurasa amsikilize tena herufi kwa herufi, kwa kuwa ulimi ulioteleza mahali pamoja huenda umeteleza na pengine. Utabibu wa karne ile haukuwa na desturi hiyo. Ukipata jina la maradhi, kazi imekwisha.

Na kosa la kitabuni haliishii kitabuni. Katika wale walioamini kuwa sumu ni moja, wako waliowapa zebaki hata wagonjwa wa kisonono kwa kuhofia kaswende. Zebaki ni sumu. Humtoa mtu mate mapishi kwa mapishi, humlegeza meno na humdhuru figo. Kwa hiyo alikuwako mtu aliyeng'oka meno kwa ajili ya maradhi asiyokuwa nayo, na wako waliotibiwa lile lililoonekana wakarudi kwa wake zao na lile lililofichikana.

Hunter mwenyewe aliendelea kupanda daraja. Mwaka wa 1776 alifanywa mpasuaji wa mfalme George wa Tatu. Mwaka wa 1785 alimtibu mtu aliyekuwa na uvimbe wa mshipa wa damu nyuma ya goti kwa kuufunga mshipa huo juu pajani, badala ya kuukata mguu kama wengi walivyokuwa wakifanya. Nyumbani kwake Earl's Court alifuga wanyama wa kila namna, na katika nyumba yake ya Leicester Square alijenga jumba la kuhifadhi viungo, mifupa na viumbe, ambavyo mwisho wake vilikaribia 14,000.

Katika vitu hivyo kilikuwamo kiunzi cha Charles Byrne, jitu la Ireland lenye urefu wa futi 7 na zaidi. Byrne alikuwa akijua kwamba wapasuaji wanaitamani maiti yake, na alitaka azikwe baharini ili wasimpate. Alipokufa mwaka wa 1783 Hunter alitoa fedha, maiti ikaibwa njiani, na mifupa ikatundikwa. Ilikaa mbele ya watazamaji kwa zaidi ya miaka 200. Jumba hilo la makumbusho lilipofunguliwa upya mjini London mwaka wa 2023, mifupa ile haikuwekwa tena hadharani. Hamu ya kujua iliyomwongoza Hunter ndiyo iliyompitisha mipaka mara nyingine.

Kwa miaka mingi alikuwa na maumivu ya moyo, na akiwaambia rafiki zake kwamba uhai wake umo mikononi mwa yeyote atakayetaka kumkasirisha. Ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 16 Oktoba mwaka wa 1793 alihudhuria mkutano katika hospitali ya St George's, yakazuka maneno juu ya kupokewa kwa wanafunzi, akapingwa, akanyamaza, akatoka chumbani, akaanguka akafa. Alikuwa na umri wa miaka 65. Mwaka wa 1799 serikali ilinunua makumbusho yake kwa pauni 15,000. Ama maandishi yake mengi yaliangukia mikononi mwa shemeji yake, Everard Home, ambaye mwaka wa 1823 aliyatia moto. Home alishutumiwa kwamba alikuwa akiyachukua maneno ya marehemu na kuyatoa kwa jina lake.

Mwaka ule ule aliokufa Hunter, mpasuaji mmoja wa Edinburgh, Benjamin Bell, alitoa kitabu cha kueleza kwamba kisonono na kaswende ni maradhi mbali mbali. Hakusikilizwa na wengi. Jina la Hunter lilikuwa kubwa mno.

Aliyeyakata maneno ni Philippe Ricord, mtu aliyezaliwa Baltimore, Marekani, mwaka wa 1800, akafanya kazi Paris katika hospitali ya Midi, ambayo ilikuwa ya wanaume wenye maradhi haya. Kuanzia mwaka wa 1831 Ricord aliwachunguza wagonjwa kwa maelfu. Naye alitumia usaha na kisu kama Hunter, lakini hakujaribu mara moja wala kwa mgonjwa mmoja. Akaona kwamba usaha wa kisonono kitupu hauleti kidonda cha kaswende. Na palipotokea kidonda? Akaeleza kwamba mgonjwa wa namna hiyo alikuwa na kidonda kilichojificha ndani ya njia ya mkojo, mahali ambapo jicho halifiki. Kwa wanawake alitumia chombo cha kumwezesha kutazama ndani, na akaviona vidonda ambavyo wengine hawakuwa wakivitazamia. Mwaka wa 1838 alitangaza matokeo yake kitabuni, na imani ya sumu moja ikaanza kuporomoka.

Lakini hata Ricord, aliyetenga mawili, hakuliona la tatu. Kulikuwa na kidonda kingine, laini na chenye maumivu makali, ambacho sisi hukiita pangusa. Yeye alikichanganya na kaswende, mpaka mwanafunzi wake, Léon Bassereau, alipokitenga mwaka wa 1852. Kisha wakaja wenye hadubini. Albert Neisser alikiona kijidudu cha kisonono mwaka wa 1879, Auguste Ducrey akakiona cha pangusa mwaka wa 1889, na Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann wakakiona cha kaswende, chembamba na kilichosokoteka kama uzi, mwaka wa 1905. Mwaka wa 1906 ikapatikana njia ya kuipima kaswende katika damu, kazi iliyofungamana na jina la August von Wassermann. Mwaka wa 1943 ikathibitika Marekani kwamba penisilini huiponya kaswende, na zebaki ikapata kupumzika.

Ndugu msomaji aweza kuniuliza: yote haya yatuhusu nini, na vijidudu vimekwisha julikana? Yatuhusu sana. Nasikia katika mabaraza yetu watu wakisema kwamba aliyepatikana na kaswende akadungwa sindano yake, basi shughuli imekwisha, aende nyumbani. Hilo ni kosa la Hunter limevaa kanzu mpya.

Leo tabibu anayeijua kazi yake akimkuta mtu na kaswende hasimami hapo. Hutaka damu yake ipimwe pia virusi vya UKIMWI, na mara nyingi homa ya ini aina ya B. Hutaka mkojo wake, au majimaji yaliyochukuliwa kwa pamba, yatazamwe kama yana kisonono na klamidia. Sababu zake zafahamika. Kwanza, maradhi haya husafiri njia moja, na mlango uliopitisha moja huenda umepitisha mengine. Pili, mengi huwa kimya. Wanawake wengi wenye klamidia au kisonono hawahisi kitu, na kaswende yenyewe huweza kulala mwilini miaka bila ya dalili. Tatu, kidonda cha kaswende hurahisisha virusi vya UKIMWI kuingia na kutoka.

Na la nne ndilo watu wasilolijua. Sindano moja ya penisilini ya kukaa mwilini huiponya kaswende iliyo changa, lakini haiiponyi klamidia. Wala haitegemewi tena kwa kisonono, maana tangu mwaka wa 1976 vimejulikana vijidudu vya kisonono vinavyoivunja penisilini, na vimeenea ulimwenguni. Kwa hiyo mtu aweza kudungwa leo, kidonda kikapona, naye bado ana maradhi mengine yatakayomharibia mkewe kizazi. Ndiyo maana hupimwa yote, na ndiyo maana vipimo vingine hurudiwa baada ya wiki kadhaa, kwa kuwa damu iliyochukuliwa mapema mno huenda ikasema hakuna, na kitu kipo.

Wala haya si maradhi ya watu wachache. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba katika mwaka wa 2020 peke yake yalitokea, kwa watu wa miaka 15 hadi 49, maambukizi mapya milioni 374 ya maradhi manne ya namna hii yanayotibika, nayo ni klamidia, kisonono, kaswende na trikomonasi. Twayaita maradhi ya zinaa, na jina hilo hutufanya tumhukumu mgonjwa kabla ya kumtibu. Lakini yuko mke aliyetulia nyumbani mwake akaletewa. Yuko mtoto aliye tumboni, ambaye kaswende ya mama yake huweza kumuua kabla ya kuzaliwa au kumtoa na ulemavu, hali mama akitibiwa mapema mtoto huokoka. Hapa Kenya mama mjamzito anapokwenda kliniki hupimwa kaswende na virusi vya UKIMWI, na anayekwepa kipimo hicho kwa kuona haya humnyima mwanawe haki yake.

Basi akina baba nawaomba jambo hili. Ukiambiwa na tabibu kuwa una maradhi moja, muulize mengine yamepimwa au bado, na mwenzako naye aitwe apimwe na kutibiwa, ili msiwe mnarudishiana. Kufanya hivyo hakumvunjii mtu heshima. Siri ya mgonjwa ni amana kwa tabibu, na tabibu asiyeitunza amana hiyo ndiye mwenye kuaibika.

Wahenga walitwambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Walimkusudia mtu mwenye kuuficha ugonjwa wake kwa watu. John Hunter, aliyekuwa na macho makali kuliko watu wote wa zama zake, ametuachia nyongeza yake: na ugonjwa nao huweza kujificha nyuma ya ugonjwa mwingine, na hautoki huko mpaka utafutwe.